Gazeti Lililokimbia Vita

 Leo nataka kuwapeleka mbali kidogo, katika nchi za Waarabu, niwasimulie juu ya gazeti moja. Usiseme, mama, «Gazeti linanihusu nini mimi ninayengojea unga?» Ngoja kwanza. Gazeti hili lilifukuzwa na vita kama ulivyofukuzwa wewe. Lilihama mji hata mara mbili, likavuka bahari, likaingiliwa na askari. Walioliandika walikuwa watu waliopoteza vijiji vyao. Na sisi hapa, kila jioni, tunaulizana: mtu akipoteza kijiji, anabaki na nini?

Jina la gazeti ni Al-Karmel. Karmeli ni mlima. Wale wanaosoma Biblia wanaujua, ndipo nabii Eliya aliposhindana na manabii wa Baali. Mlima huo unaangalia bahari, na chini yake kuna mji wa Haifa. Zamani sana, mwaka 1908, mtu mmoja aitwaye Najib Nassar alianzisha gazeti pale Haifa, akaliita kwa jina la mlima huo. Aliandika hasa juu ya udongo: nani anauza shamba, nani ananunua, na wakulima wanaolima shamba hilo watakwenda wapi. Wazee wangu, ninyi mnaokaa katika kesi za mashamba, mtaelewa haraka kwa nini gazeti la namna hiyo lilipata wapenzi na maadui. Lilikufa kabla ya vita vya 1948. Lakini jina halikufa, na lile ninalosimulia leo lilizaliwa miaka mingi baadaye, mbali na mlima wake.

Sasa tumwendee mwanzilishi wake. Anaitwa Mahmoud Darwish, mtunga mashairi. Alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji cha al-Birwa, upande wa kaskazini wa Palestina. Mwaka 1948 vita viliingia. Wayahudi, ambao wengi wao walikuwa wametoka kuuawa kwa mamilioni huko Ulaya, walianzisha taifa lao la Israeli. Nao Wapalestina wapata laki saba wakatoka katika nyumba zao, wengine kwa woga, wengine kwa kufukuzwa. Mahmoud alikuwa mtoto wa miaka saba. Alikimbia usiku pamoja na wazazi wake mpaka Lebanoni, wakala chakula cha msaada, mambo mnayoyajua ninyi bila kufundishwa. Kisha, baada ya mwaka hivi, familia ikarudi kwa siri. Wakakuta kijiji kimebomolewa. Hakuna nyumba, na shamba lina wenyewe wengine.

Jambo la ajabu ni hili. Kwa sababu walirudi baada ya serikali mpya kuhesabu watu, sheria iliwahesabu kuwa hawapo. Wanatembea, wanakula, wanalipa, lakini kwa habari ya mali zao ni watu wasiokuwepo. Walipewa jina: waliopo na wasiopo. Nimewahi kumwona baba mmoja mbele ya meza ya kuandikisha wakimbizi, anaambiwa jina lake halimo katika listi. Akajipiga kifua, akasema: «Na huyu anayesimama hapa ni nani?» Nilipokuja kusoma maisha ya Darwish nilimkumbuka baba yule.

Mtoto huyo akaenda shule. Siku moja shule ilifanya sikukuu ya kuzaliwa kwa taifa la Israeli, naye akaombwa asome kitu mbele ya watu. Akasoma shairi alilotunga mwenyewe: mtoto Mwarabu anamweleza mtoto Myahudi kwamba mwenzake ana nyumba na michezo na sikukuu, yeye hana, kwa nini wasicheze pamoja? Kesho yake mkubwa wa jeshi aliyetawala eneo lile akamwita. Akamkaripia, akamwambia kwamba akiendelea kuandika namna hiyo, baba yake atapoteza kazi katika machimbo ya mawe. Mtoto alirudi nyumbani analia. Baadaye alieleza kwamba siku ile alifahamu jambo ambalo hakulijua: kumbe shairi ni kitu kikubwa, hata mwenye bunduki anakiogopa.

Lakini usikie na upande wa pili, maana historia ya upande mmoja ni redio-trotuari tu. Darwish huyohuyo alisema mara nyingi kwamba mwalimu aliyemfungulia mlango wa fasihi alikuwa mwanamke Myahudi. Alijifunza Kiebrania vizuri, akasoma vitabu vya mataifa mengi kwa lugha hiyo. Lugha ya waliomwondolea kijiji ikawa dirisha lake. Hakuona aibu kuisema.

Alipokua aliandika katika magazeti ya Haifa, akafungwa mara kadhaa, mara nyingine kosa lake likiwa tu kusafiri bila karatasi ya ruhusa. Wakati huo Waarabu wa Israeli walitawaliwa na jeshi, hadi 1966. Mwaka 1970 akaenda Moscow kusoma, mwaka 1971 akapita Cairo, na mwaka 1973 akafika Beirut, mji mkuu wa Lebanoni. Kwa kuwa alijiunga na chama cha ukombozi cha Wapalestina, serikali ya Israeli ikamfungia njia ya kurudi. Mama yake akabaki kule.

Beirut ndiko Al-Karmel ilikozaliwa, mwaka 1981. Usifikiri gazeti la karatasi mbili la kufungia karanga. Lilikuwa nene kama kitabu, likitoka mara nne kwa mwaka. Ndani yake siasa na mashairi vilikaa nyumba moja: hadithi, mabishano juu ya historia, tafsiri za waandishi wa Ulaya na Amerika, mazungumzo marefu. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Katika Kiarabu, neno *bayt* lina maana ya nyumba, hata hema. Neno hilohilo ndilo linaloitwa mstari wa shairi. Sisi Waswahili tumelichukua, tunasema «ubeti», na wengi hatujui kwamba tunasema «nyumba». Kwa watu waliobomolewa nyumba, si neno dogo. Waliweza kujenga beti ambazo hakuna tingatinga linaloweza kuzifikia.

Nani walilijenga gazeti hilo? Hapa ndipo panaponipendeza zaidi. Gazeti lilikuwa la Wapalestina. Lakini katika miaka yake ya kwanza mmoja wa wahariri alikuwa Elias Khoury, Mlebanoni, Mkristo. Na mtu aliyeshika kazi ya kila siku kwa miaka mingi, kupanga, kusahihisha, kusukuma kurasa, alikuwa Salim Barakat, Mkurdi wa Syria. Wakurdi ni taifa ambalo lugha yao imebanwa katika nchi kadhaa. Na katika Syria, mwaka 1962, hesabu moja ya watu iliwaacha Wakurdi wapata laki moja na zaidi bila uraia. Mtoto wa watu hao ndiye aliyechunga Kiarabu cha gazeti la watu wengine waliopoteza nchi, na wenye kukijua Kiarabu wanasema chake ni cha hali ya juu kabisa. Shefu wangu, ukiunda komite ya kambi, utaulizwa: «Huyu ni kabila gani?» Mkumbuke Barakat.

Mwezi wa Juni 1982 jeshi la Israeli liliingia Lebanoni likauzingira mji wa Beirut. Sababu walizotoa ni kwamba wapiganaji wa Kipalestina walishambulia kutoka huko, na ni kweli walikuwa huko wengi na silaha nyingi, na Walebanoni wenyewe walikuwa wakiuana tangu 1975. Wiki nyingi mabomu yalianguka. Maji yakakatwa, umeme ukakatwa. Darwish alikaa ndani ya mji. Baadaye aliandika kitabu juu ya siku moja tu, siku moja ya Agosti katika mazingira hayo, na maandiko hayo yalitokea kwanza katika Al-Karmel, mwaka 1986. Sitakisoma hapa. Nitasema tu kinavyoanza: mtu ameamka alfajiri, mizinga inalia, na yeye anataka kitu kimoja, kufika jikoni apike kahawa. Jikoni kuna dirisha la kioo linaloangalia bahari ambako meli zinapiga. Je, apite au asipite? Kurasa nyingi anaeleza jinsi kahawa inavyopikwa, maji, kijiko, moto, harufu.

Wako waliosema: watu wanakufa, huyu anaandika kahawa! Mimi nasema, muulize mama yeyote aliyekimbia usiku. Hatakueleza siasa ya wakubwa. Atakueleza sufuria ya maharagwe aliyoiacha juu ya mafiga, na hadi leo anajiuliza kama iliungua. Hiyo ndiyo vita. Bunduki inataka uache kuwa mtu mwenye jiko, uwe namba. Mtu aliyeandika kahawa yake kwa bidii alikuwa anakataa kuwa namba.

Mwezi wa Agosti 1982 wapiganaji wa Kipalestina waliondoka Beirut kwa meli, kwa mapatano. Familia zilibaki katika kambi. Katikati ya Septemba, wanamgambo wa Kilebanoni waliingia katika kambi za Sabra na Shatila, jeshi la Israeli likiwa limezunguka nje, wakaua raia kwa mamia. Wengine wanahesabu zaidi ya elfu. Sitaendelea na habari hizo. Ninajua nani ananisikiliza. Baada ya hapo Darwish naye akaondoka.

Siku hizo askari waliingia pia katika kituo kimoja cha utafiti cha Wapalestina pale Beirut, ambacho Darwish aliwahi kuhariri jarida lake, wakabeba vitabu na karatasi zake. Mwezi wa Februari 1983 bomu la gari likalipuka mbele ya jengo hilo, watu wakafa. Baadaye mwaka huohuo wa 1983, pande mbili zilipobadilishana wafungwa, sanduku za karatasi zile zilirudishwa pia. Watu na vitabu katika mapatano mamoja! Wanaokaa mezani kupatanisha makundi ya silaha wasisahau jambo hili. Kila mara tunaomba warudishe ng'ombe na vijana waliochukuliwa, na ni haki. Lakini kuna rejesta za shule, vitabu vya ubatizo, karatasi za parsele, ambazo hakuna anayezidai, na bila hizo kesi za kesho hazitakwisha.

Al-Karmel ikahamia Nicosia, katika kisiwa cha Kupro. Hapo si nchi ya Waarabu. Watu wake wanasema Kigiriki na Kituruki. Tena ni mji uliokatwa vipande viwili tangu 1974 kwa vita vyao wenyewe, wenye wakimbizi wao wenyewe. Gazeti la wakimbizi lilipanga nyumba katika mji wa wakimbizi. Barakat alikaa hapo Nicosia, Darwish akikaa zaidi Paris, na kazi ikaendelea hivyo miaka zaidi ya kumi, gazeti la Kiarabu likitengenezwa mahali ambapo muuza mkate hawezi kulisoma.

Sasa nitasema na mabaya, maana halikuwa gazeti la malaika. Liliishi karibu na chama chenye silaha, na mhariri wake mkuu alikuwa mkubwa katika chama hicho: mwaka 1987 aliingia katika halmashauri yake kuu, na mwaka 1988 ndiye aliyeandika tangazo la uhuru wa Palestina lililosomwa Algiers. Mwandishi anayekaa meza moja na makamanda atasema kweli yote juu ya makamanda? Swali ni halali, na waandishi wetu wa redio wajiulize pia. Mwaka huohuo wa 1988, vijana wa Kipalestina wakiwa wanatupa mawe barabarani, alitoa shairi la hasira la kuwaambia Waisraeli waondoke. Waziri mkuu wa Israeli, Yitzhak Shamir, alilitaja bungeni kama ushahidi kwamba watu hawa hawataki amani. Hata Waisraeli waliopenda mapatano waliumia. Darwish alieleza kwamba aliwaambia askari watoke katika maeneo waliyoyateka mwaka 1967, hakuwaambia Wayahudi wote watoke duniani kwao. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuruka. Tunaosema kwenye mikutano, tunajua: unasema «waondoke» ukimaanisha wenye bunduki, na jirani yako wa kabila lile, ambaye hana hata panga, anaanza kufunga mizigo.

Mwaka 1993 wakubwa wa pande mbili walitia sahihi mapatano ya Oslo. Darwish alijiuzulu katika halmashauri, kwa kuwa aliona mapatano hayana msingi wa kutosha, na Al-Karmel ikasimama. Wengine walimlaumu kwamba anakataa amani. Mimi naona mtu anaweza kupenda amani akakataa karatasi fulani. Hata hivyo karatasi ileile ndiyo iliyomfungulia njia. Mwaka 1996 alikaa Ramallah, mji wa Wapalestina karibu na Yerusalemu, na gazeti likafufuka huko. Mara ya kwanza kabisa lilifanyiwa kazi katika udongo wa wenyewe.

Biro yake ilikuwa katika nyumba ya utamaduni iliyopewa jina la Khalil Sakakini. Huyu alikuwa mwalimu mkubwa wa Yerusalemu. Mwaka 1948 aliikimbia nyumba yake, akaacha maktaba aliyoikusanya maisha yake yote, naye akafa Cairo mwaka 1953. Vitabu vya nyumba za Waarabu wa Yerusalemu vilikusanywa, vipatavyo elfu thelathini, vikapelekwa katika maktaba kubwa ya Wayahudi. Vita vya 1967 vilipofungua njia, binti zake walikwenda pale, wakaonyeshwa vitabu vya baba yao, maandishi ya mkono wake yakiwa bado pembeni mwa kurasa. Unaweza kusema viliibwa. Wako wanaosema viliokolewa visiungue. Yote mawili yasemwe. Lakini binti alisimama mbele ya kitabu cha baba yake, hana ruhusa ya kukibeba.

Katika nyumba ya jina hilo, Al-Karmel ilitoa nafasi kwa watu kuandika kumbukumbu za mahali walipotoka, hasa ilipofika 1998, miaka hamsini tangu kukimbia. Na Elias Khoury, yule mhariri wa kwanza, mwaka huohuo alitoa riwaya kubwa, baada ya miaka mingi ya kuzunguka katika kambi za wakimbizi akiwasikiliza wazee na kina mama wanavyosimulia. Khoury hakuwa mkimbizi. Alikuwa jirani aliyekaa chini akasikiliza. Hiyo ni kazi isiyohitaji hata franka moja zaidi ya kaye ya mtoto wa shule na kalamu. Kijana wa kambi anayejua kuandika anaweza kuianza leo jioni: aandike jina la kilima, la chemchemi, nani alikuwa jirani wa kulia na wa kushoto, hata yule wa kabila ambalo leo halitajwi vizuri, na siku gani alikuja kusaidia kuzika.

Mwaka 2000 waziri wa elimu wa Israeli, Yossi Sarid, alitaka watoto wa shule za Israeli wasome baadhi ya mashairi ya Darwish. Serikali ikatikisika karibu kuanguka, na waziri mkuu Ehud Barak akasema wakati haujafika. Miezi michache baadaye moto uliwaka tena. Mwezi wa Machi 2002 kikundi cha waandishi wa mataifa kilifika Ramallah kumtembelea, na kati yao alikuwa Mwafrika mwenzetu, Wole Soyinka wa Nijeria, ambaye naye alifungwa katika vita vya nchi yake. Walipokuwa wameondoka tu, baada ya mabomu ya kujiua yaliyoua raia Waisraeli wengi, jeshi la Israeli liliingia Ramallah. Mwezi wa Aprili askari walivunja mlango wa nyumba ya Sakakini. Karatasi za Al-Karmel zilitawanywa, maandiko yaliyongojea kuchapwa yakakanyagwa.

Wakaokota, wakaendelea. Darwish alikufa mwezi wa Agosti 2008, hospitalini Marekani, baada ya kupasuliwa moyo, akazikwa Ramallah. Gazeti halikukaa muda mrefu bila yeye.

Lakini kuna usiku mmoja kabla ya hapo. Tarehe 15 Julai 2007 Darwish alipata karatasi ya ruhusa akaenda Haifa kusoma mashairi. Alikuwa na miaka sitini na sita. Ukumbi ulijaa watu. Wengi walikuwa Waarabu waliobaki kule, na Wayahudi pia walikuwamo. Ukumbi huo uko juu ya mlima, juu ya Karmeli yenyewe. Alisoma kwa Kiarabu, sauti yake ya polepole, na nje taa za mji zilishuka mpaka baharini. Kutoka hapo hadi mahali palipokuwa al-Birwa hata saa moja ya gari haifiki. Aliposhuka mlimani alirudi Ramallah, upande wa pili wa baryera, kwenye meza yake na karatasi zilizokuwa zikimngojea.

Ni hayo kwa leo. Walioandika barua kuuliza juu ya rejesta za shule zilizopotea, juma lijalo tutakuwa na wazee wawili hapa studio watakaowajibu.